Kinachofanya king'ora cha gari kulia ovyo

King'ora cha gari kinapolia kila usiku bila sababu, majirani hukizoea na kukipuuza. Siku mwizi atakapofika, hakuna atakayetoka kutazama.

Uchunguzi huanzia kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa chaji huonyesha takriban volti 12.6. Nguvu zikipungua mno, baadhi ya ving'ora huchukulia kwamba kuna anayechezea nyaya. Ncha za betri zilizoota kutu zisafishwe na kukazwa.

Pili ni swichi ya boneti. Ikiingia vumbi, grisi au maji, mtambo hudhani boneti imefunguliwa. Isafishwe, kisha swichi za milango na buti zikaguliwe.

Tatu, kifaa cha kuhisi mtikisiko kikiwekwa kuwa chepesi kupita kiasi, ngurumo ya lori linalopita yatosha kukiamsha. Fundi anaweza kukipunguza wepesi.

Betri ya rimoti iliyochoka nayo ibadilishwe.

Hitilafu ikidumu, amwone fundi wa umeme wa magari. Mwenye gari asikate nyaya kiholela, kwani huenda injini ikakataa kuwaka.