Fado, Meza na Taarabu: Wimbo Ambao Wareno Hawakutuletea

Wareno hawakuitawala Usukuma. Hata hivyo, mtu akiingia leo katika nyumba ya watu Kalemela, wilaya ya Busega katika mkoa wa Simiyu, atakuta kwamba maneno yao yamemtangulia kufika. Chakula huandaliwa juu ya meza, maji hunywewa kwa kopo, mto hutiwa katika foronya, vijana hucheza karata kivulini na kubishana juu ya turufu, na katika uwanja wa shule hupepea bendera. Maneno haya yote yana asili ya Kireno. Yalitua pwani katika karne ya 16 na ya 17, yakazoea vinywa vya Waswahili, kisha yakapanda bara pamoja na misafara, biashara, walimu na makarani, hata yakafika mahali ambapo wenye maneno wenyewe hawakupata kufika.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika urithi huo hamna wimbo. Ukiyapanga maneno hayo utapata vitu vya nyumbani, vya mchezo, vya nguo na vya nguvu: leso, mvinyo, parafujo, padri, gereza. Hili la mwisho lilikuwa jina la kanisa. Nalo lilibadilika maana kwa sababu kanisa la Wareno na ngome yao vilikuwa ndani ya boma moja, na boma hilo hilo baadaye likafungiwa watu. Lakini la uimbaji silioni. Pengine tarumbeta, ambayo baadhi ya wataalamu huihusisha na trombeta ya Kireno. Na hata hiyo ni chombo cha askari, haikufanywa kwa ajili ya kuliwaza roho. Pemba uko mchezo wa ng'ombe ambao watu wengi huunasibisha na Wareno, nao huchezwa kwa ngoma na zumari za Kiswahili. Mchezo ulikaa, muziki wa wageni, kama ulikuwapo, haukukaa.

Kwa hiyo Mwafrika wa Mashariki akijaliwa kufika Lisbon, na wenyeji wake wakamwalika jioni mkahawani kusikiliza fado, ni rahisi kwake kudhani kwamba hatimaye anasikia kile walichokuwa wakiimba askari wa Ngome ya Yesu pale Mombasa walipokuwa wakikumbuka kwao. Dhana hii ina utamu, na mandhari yenyewe huisaidia. Wageni huketi, huletewa mkate, zeituni, samaki mkavu wa chumvi aitwaye bacalhau, na mvinyo. Sahani hugongana na watu huzungumza. Kisha taa hupunguzwa. Watumishi husimama pale pale walipo, na mwenye nyumba huomba watu wanyamaze kwa kuwa fado inataka kuimbwa. Wapiga gitaa hushika vyombo vyao: mmoja gitaa la kawaida, mwingine gitaa la Kireno, lenye tumbo la mviringo na nyuzi 12 zilizopangwa mbili mbili, lenye sauti kali inayolia kama maji yanayodondoka juu ya bati. Mwimbaji, akiwa mwanamke, aghalabu hujitanda shali nyeusi. Hurudisha kichwa nyuma, hufumba macho, akaanza. Anayenong'ona huonywa kwa jicho na mgeni wa meza ya pili. Nyimbo tatu au nne zikiisha, taa huwashwa, na sahani huanza tena kugongana.

Kimya hicho ndicho kinachomdanganya msikilizaji, maana hufanana na kimya cha ibada ya kale. Lakini tarehe hazikubali.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Waomani waliizingira mwaka 1696 na kuitwaa mwezi wa Desemba 1698. Wareno walirudi mwaka 1728 wakafukuzwa tena mwaka uliofuata, na tangu hapo mamlaka yao yakabaki kusini ya Rasi ya Delgado. Basi, neno fado, kwa maana ya ngoma na wimbo, halionekani katika maandishi mpaka miaka ya 1820 hivi, na linapoonekana halitajwi Ureno bali Brazili. Wimbo wenyewe ulikomaa katika vichochoro vya Lisbon katika miongo iliyofuata. Hata gitaa la Kireno, ambalo leo hatuwezi kuwaza fado bila yake, wachunguzi wengi huliunganisha na gitaa la Kiingereza lililoingia kwa bandari ya Porto katika karne ya 18. Kwa ufupi, askari wa mwisho wa Kireno aliondoka Mombasa karibu miaka 100 kabla ya wimbo huo kuzaliwa. Hawakuweza kutuletea kitu ambacho wao wenyewe hawakuwa nacho.

Ilikuwaje basi fado ikatajwa kwanza ng'ambo ya Atlantiki? Mwishoni mwa mwaka 1807, Napoleon alipotuma majeshi Ureno, jamaa ya kifalme na watu wao walipanda merikebu wakahamia Rio de Janeiro, wakakaa huko mpaka mwaka 1821. Mji huo ulikuwa umejaa watumwa wa Kiafrika, wengi wao wa Kongo na Angola, na katika miaka hiyo hiyo maelfu ya wengine walikuwa wakiletwa kutoka pwani ya Msumbiji. Huko palikuwa na ngoma iitwayo lundu, yenye asili ya Kiafrika, iliyochezwa kwa kukata kiuno na kugonganisha vitovu; palikuwa pia na wimbo wa mapenzi uitwao modinha. Katika mchanganyiko huo ndimo fado ya kwanza ilimochezwa, kwa maana ilikuwa ngoma kabla haijawa wimbo wa kusikiliza umefumba macho. Mabaharia na watumishi wakavuka nayo kurudi Lisbon. Hivyo mgeni wetu wa mkahawani, ambaye anatafuta sauti ya mtawala wa zamani, kwa kweli anasikia sauti ambayo sehemu ya mizizi yake imo katika bara lake mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba fado ni masalio ya Waarabu waliotawala Lisbon kabla ya mwaka 1147, na hujitetea kwa jina la mtaa wa Mouraria, ambao walitengewa Waislamu waliosalia baada ya mji kutekwa. Hoja hii hupendwa sana na wasikilizaji wa pwani yetu, ambao husikia namna sauti inavyovutwa na kupindwa wakakumbuka taarabu. Lakini haina hati, na kati ya mwaka 1147 na miaka ya 1820 pana pengo ambalo sikio peke yake haliwezi kulijaza. Mouraria ni muhimu kwa sababu nyingine. Ulikuwa mtaa wa mafukara, mabaharia na makahaba, na humo ndimo alimoishi Maria Severa, mwimbaji wa kwanza wa fado ambaye jina lake limehifadhiwa. Alizaliwa mwaka 1820 akafa mwaka 1846, naye alikuwa kahaba. Habari za mapenzi yake na kabaila mmoja, Count wa Vimioso, zilimfanya awe hekaya, hata filamu ya kwanza ya Kireno yenye sauti, iliyotolewa mwaka 1931, ikaitwa kwa jina lake.

Hapa ndipo ulinganisho na Unguja unapoanza kuwa na faida. Taarabu nayo haikutoka mbali sana katika wakati. Masimulizi ya Unguja husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimtuma Muhammad Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Muziki huo ulikuwa wa kumbi za mabwana, na lugha yake Kiarabu, mpaka alipotokea Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini yapata mwaka 1880, muuza vyungu, akauimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake baada ya kifo chake mwaka 1950. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika jioni, akawaimbia mambo ya mji: mahakimu wanaokula rushwa, matajiri wanaodhulumu, mwanamke aliyeuawa na haki yake ikapotea. Severa hakumjua Siti, wala Siti hakusikia habari za Severa. Ila kila mmoja alikuwa mwanamke wa tabaka la chini, katika bandari iliyochanganya mataifa, mtaani ambako wakubwa walikwenda usiku na kukana mchana.

Sasa turudi kwenye kile kimya cha mkahawani. Kabla ya mwaka 1926, fado iliimbwa vilabuni, mitaani, uwanja wa ng'ombe, na katika mikutano ya wafanyakazi. Mwimbaji alitunga papo hapo, akajibizana na mwenzake, akamsema tajiri na serikali. Mwezi wa Mei 1926 wanajeshi walitwaa madaraka, na mwaka 1927 ikatoka sheria iliyodhibiti maonyesho yote. Mwimbaji alitakiwa awe na kitambulisho cha kazi, nyumba ya kuimbia iwe na leseni, na maneno ya nyimbo yapelekwe kwanza yakakaguliwe. Sheria hii, na utawala wa Salazar ulioifuata, ndiyo iliyoiingiza fado katika mkahawa na kuifungia humo. Utungaji wa papo hapo hauwezi kupata kibali cha mkaguzi, kwa hiyo ukanyauka. Zikabaki nyimbo za majaliwa, za mama, za bahari na za mapenzi yaliyopotea. Nyimbo nzuri, lakini zisizomtisha mtu mwenye cheo. Ukumbi ukapambwa kwa ukale, na kimya kikawa desturi.

Sisemi kwamba sanaa ilikufa. Amália Rodrigues, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufa mwaka 1999, alikulia ndani ya mipaka hiyo akaifanya fado ijulikane dunia nzima, akiwaendea washairi wakubwa wa nchi yake kutafuta maneno. Wareno husema kiini cha nyimbo zake ni saudade, na huongeza kwa fahari kwamba neno hilo halifasiriki. Mimi siwakubalii sana: mwenye hamu, ukiwa na jitimai katika lugha yake hana budi kupata njia.

Kwa upande wetu, miaka hiyo fado haikuweza kuwa wimbo tu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Vita vya Msumbiji vilianza mwezi wa Septemba 1964, na wakimbizi walivuka Ruvuma kuingia Tanzania. Mtu aliyekimbia kazi ya kulazimishwa hangeweza kutarajiwa kutafuta uzuri katika lugha ya msimamizi wake. Katika Ureno yenyewe, baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, vijana wengi waliikataa fado kwa sababu hiyo hiyo, wakaiona kuwa kileo walichonyweshwa raia ili walale.

Kama muziki wa jamaa ya fado ulisikika Afrika Mashariki, basi uliletwa na Wagoa. Goa ilikuwa chini ya Wareno tangu mwaka 1510 hata 1961, na wanawe walikuwa wapiga muziki hodari. Bendi ya Sultani wa Unguja ilikuwa yao, na katika vilabu vyao vya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walikutana jioni kwa chakula na dansi. Wimbo wao wa mando, wa lugha ya Kikonkani, una huzuni na mwendo wa polepole unaokaribia fado, ingawa ulikua njia yake mwenyewe. Lakini hizo zilikuwa jioni za wanachama, na Mswahili, kama aliingia, aliingia kwa mlango wa jikoni.

Mwezi wa Desemba 1973, miezi michache kabla ya mapinduzi, alizaliwa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mreno. Alichukuliwa kwenda Lisbon akiwa na miaka mitatu, akalelewa Mouraria, mtaa ule ule wa Severa, katika mkahawa mdogo wa wazazi wake. Husimuliwa kwamba kabla hajajua kusoma baba yake alimchorea picha ili akumbuke maneno ya nyimbo. Huyo ndiye Mariza, ambaye sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika fado katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Tangu hapo mikahawa imeongezeka, na bei zake pia. Mji Mkongwe wa Unguja nao umejifunza biashara hiyo: wageni huwekewa taarabu juu ya paa wakati wa chakula cha usiku, nayo huimbwa kwa upole, pasipo mtu wa kuinuka kutunza na pasipo fumbo la kumchoma jirani, kwa kuwa jirani hayupo. Taarabu bila anayesemwa ni kama mashindano ya Bagika na Bagalu huko Usukuma yakichezwa na upande mmoja tu. Maana katika mashindano hayo mtunzi hupimwa na umati, na umati huhama ukienda kwa mwenye maneno makali zaidi.

Lisbon bado ipo namna nyingine ya jioni, nayo huitwa fado vadio, yaani fado ya mzururaji. Huwa katika vilabu vidogo, ambako mwimbaji halipwi na yeyote aweza kusimama: dereva wa teksi, muuza samaki, au mpishi aliyetoka jikoni akijifuta mikono. Taa hupunguzwa vile vile, na watu hunyamaza vile vile; lakini aliyekosea mstari hucheka, wakamsaidia, akaendelea.