Sikio Linalochomoka

Ukiingia kwenye maduka ya jumla ya Kirumba, hasa yale yanayowakopesha wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, utaona juu ya meza kaunta buku nene lililokatwa ngazi ngazi kwenye ukingo wa kulia. Kila ngazi ina herufi yake. Mwenye duka hahangaiki kupekua: anaweka kidole penye herufi, anafungua, na deni lako hilo hapo. Ngazi ya M ndiyo inayochakaa mapema, kwa sababu nusu ya wadaiwa wameandikwa Mama Fulani: Mama Neema, Mama Kulwa, Mama Doto. Na kwa huku Usukumani, Mama Kulwa na Mama Doto huenda wakawa mama mmoja mwenye mapacha na madeni mawili.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakutuambia kwamba daftari nalo likishakuwa nene, mali inaweza kupotelea humohumo ndani.

Shida ya daftari ni kwamba kurasa zake zimeshikana. Herufi M ikijaa, huwezi kuhamishia kurasa tupu za herufi Q. Unanunua daftari la pili, na kuanzia siku hiyo Mama Neema yumo kwenye vitabu viwili. Dawa yake ilipatikana zamani: kila jina liandikwe kwenye kadi yake, kadi zipangwe kwenye droo, kisha katikati yake zichomekwe kadi nyingine zenye kipande kinachochomoza juu kama sikio. Sikio ndilo linalobeba herufi, mwezi au namba. Toleo bora zaidi ni sikio linalochomoka, la bati au plastiki ngumu, lenye kidirisha cha kutia kikaratasi. Unalibana juu ya kadi yoyote, na ukitaka unalitoa.

Kwenye kompyuta siku hizi kitu cha aina hii wanakiita kichupo. Mimi nafuata jina analotumia jirani yangu, mama mstaafu aliyefanya kazi masjala miaka mingi. Yeye husema sikio, na maelezo yake ni mafupi: faili lisilo na sikio ukiliita haliitiki.

Nimelifuatilia sikio hili kwa muda sasa, na nimefika mahali nikaamini kwamba tofauti ya linalochomoka na lisilochomoka si suala la vifaa vya ofisi tu. Ni suala la nani anaamua mtu awekwe wapi, na akiwekwa pasipo pake, nani anaruhusiwa kumhamisha.

Kadi zenyewe zina umri mkubwa. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa viumbe majina ya Kilatini ya maneno mawili, katika miaka ya 1760 aliandika habari za mimea na wanyama kwenye vikaratasi vya saizi moja, ili aweze kuvipanga upya kila alipoletewa kiumbe kipya. Mwaka 1775 padri Mfaransa, François Rozier, alitengeneza faharasa ya machapisho ya Akademia ya Sayansi ya Paris kwa kutumia karata. Ndiyo, karata hizihizi za kuchezea; zama hizo upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotaifisha vitabu vya kanisa, agizo la mwaka 1791 likawa hilohilo: orodhesheni kwenye karata. Kisha akaja Mmarekani Melvil Dewey, aliyetoa mpango wake wa namba za maktaba mwaka 1876. Kampuni yake ya Library Bureau iliuza kadi na makabati, na saizi ya sentimita 7.5 kwa 12.5 ikaenea duniani. Mwaka 1897 Mmarekani mwingine, James Newton Gunn, akapata hataza ya masikio ya kadi.

Ni jambo dogo mpaka uwaze droo yenye kadi elfu moja ambazo migongo yake yote iko sawa. Masikio hukatwa kwa theluthi au kwa sehemu ya tano ya upana wa kadi, kisha hupangwa kwa kupishana kutoka kushoto kwenda kulia ili moja lisiuzibe uso wa lingine. Jicho linapita juu mara moja, mkono unashuka palepale. Kazi ya asubuhi nzima inakuwa ya dakika.

Sasa, kadi ilifikaje kwetu? Kwa watu wengi ilifika shingoni na mfukoni kabla ya kufika kwenye droo ya maktaba. Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya vita ikaanza kutumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama zake za vidole, na habari za waajiri wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Rekodi nyingine ilibaki Nairobi, ambako alama za vidole ziliainishwa kwa mfumo wa Edward Henry. Mfumo huo ulibuniwa Bengal kwa kazi kubwa ya Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, na hugawa alama za vidole kumi katika makundi 1,024 ya mwanzo. Mtu akitoroka shamba la mzungu na kubadili jina kijiji cha tatu, vidole vyake vilimrudisha kwenye kundi lake. Harry Thuku na wenzake walipoinuka mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapinga.

Tanganyika nako neno kipande lilikuwepo, ila lilimaanisha kadi ya kazi: siku 30 za kutimiza, na mshahara hulipwi mpaka zote zitimie. Wasukuma na Wanyamwezi walisafiri mbali kwenda kufanya kazi mashambani kwa utaratibu huo. Waliokuja kusajiliwa kwa ajili ya mkonge wakaitwa manamba, neno linalotokana na namba. Hebu litafakari neno hilo. Mtu ametoka kwao ana jina, ana ukoo, ana utani na majirani, na akishuka kwenye treni jina lake la kwanza ni tarakimu.

Hilo ndilo sikio lisilochomoka. Limebandikwa na mwingine, linasomwa na mwingine, na mwenyewe hana ruhusa ya kuligusa.

Baada ya Uhuru kadi zilikuja kwa sura nyingine. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipita mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu, Dar es Salaam. Maktaba zikaenea mikoani, Mwanza ikiwemo, na ndani yake makabati ya droo ndogondogo. Safari hii kadi haikumtafuta mtoro. Ilimsaidia kijana aliyetoka shule jioni kupata kitabu.

Lakini angalia masikio yalisemaje. Katika namba za Dewey, dini zimewekwa kwenye 200. Ukristo umepewa 220 mpaka 280 na ushei. Uislamu wote umejibana kwenye 297, na dini za jadi za Afrika ziko 299.6. Lugha za Ulaya zina mafungu yao mapana, ilhali lugha za Afrika, karibu zote, zimerundikwa kwenye 496. Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake 896.392. Yaani Mswahili anayemtafuta Shaaban Robert katika nchi yake mwenyewe anapita kwanza Waingereza, Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano, Wahispania, Walatini na Wagiriki, ndipo amkute mwishoni kwenye chumba cha "nyinginezo", nyuma ya nukta tatu za desimali. Akiishia kwenye droo ya majina ana kitendawili kingine: aangalie R au S? Utaratibu wa jina la ukoo kutangulia ulitungwa na watu wenye majina ya ukoo.

Kiswahili nacho kina ugomvi wake na alfabeti. Habari za watu wa huku utaziweka herufi gani? Msukuma ni M, Wasukuma ni W, Kisukuma ni K, Usukuma ni U. Jambo moja, droo nne. Watunga kamusi waliumia kichwa kwa hili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake, kwa hiyo ilibidi ujue sarufi kwanza ndipo upate neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikafuata neno lilivyo mdomoni mwa msemaji, M kwa M. Ukiniuliza mimi, huo ndio uchomoaji wa sikio. Wenye lugha waliamua watajitafuta wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi hautoki maktaba, unatoka kifua kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa daktari kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungwa Mauthausen, kambi ambako mfungwa aliitwa kwa namba, na hukohuko akaugua kifua kikuu. Mtu huyo alipokuja kwetu, alichokazania sana pamoja na dawa kilikuwa kadi. Kila mgonjwa na kadi yake ya matibabu, kila wilaya na rejista yake, na kila robo mwaka swali lilelile: walioanza dawa robo ile wako wapi leo? Wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wameacha dawa, na nani ameenda kuwatafuta?

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wa DOTS miaka ya 1990, msingi wake mkubwa ulikuwa kazi iliyofanyika Tanzania. Tunazoea kusema dunia imetufundisha. Hapa sisi tuliifundisha dunia, na somo lenyewe lilikuwa la kutunza kumbukumbu.

Chanjo za watoto zina utaratibu wa aina hiyohiyo, na hapa masikio yanaonekana waziwazi. Zahanati inakuwa na boksi lenye vigawanyo 12, Januari mpaka Desemba. Kadi ya mtoto inayobaki kituoni inawekwa nyuma ya mwezi anaotakiwa kurudi. Akija, anachomwa sindano, kadi inahamishiwa mwezi wa mbele. Mwezi ukiisha muuguzi anatazama nyuma ya sikio la mwezi huo. Kadi zilizobaki ni za watoto ambao hawajaja. Hahitaji ripoti kutoka mkoani. Ana majina mkononi, anamtuma mhudumu wa afya nyumba kwa nyumba.

Boksi hilo na ofisi ya vidole ya Nairobi vilitumia akili ileile: kila mtu kadi, kila kadi mahali pake, asiyeonekana atafutwe. Lakini aliyetafutwa Nairobi alikuwa anakimbizwa, na anayetafutwa na muuguzi anahitajika awe hai. Tena kwenye boksi la zahanati, kadi inahamahama. Hakuna mtoto wa Januari milele.

Ukikaa Mwanza huwezi kuandika haya bila kutaja upande wa pili, wa watu wasiokuwa na kadi kabisa. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika hapa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu, wale wa tiketi ya bei nafuu, hawakuwa na orodha. Matokeo yake, mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa tofauti tofauti, kutoka mia tano na kitu hadi karibu elfu. Nenda makaburi ya Igoma uone kinachotokea watu wanapozikwa bila mtu kuwa na uhakika wa hesabu. Nilikuwa mtoto wakati ule, na nakumbuka watu wazima wakitaja majina ya ndugu redioni na mitaani, moja moja, kama vile wanajenga wenyewe ile orodha ambayo haikuandikwa.

Kwa hiyo sipo upande wa wanaosema kusajiliwa ni utumwa, wala wa wanaosema kila kitu kiingizwe kwenye mfumo na mambo yataisha. Kukosa kadi kunaua. Kuwa na kadi usiyoweza kuigusa nako kuna namna yake ya kumfunga mtu.

Kadi za karatasi zinaondoka. Oktoba 2015 shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likichapia maktaba za dunia kadi za katalogi, lilichapa ya mwisho. Hapa kwetu tuna namba za NIDA, na kuanzia mwaka 2019 laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, vidole vilevile vilivyokuwa vikipangwa Nairobi miaka mia moja iliyopita. Kasi imeongezeka mno na sina hamu ya kurudi kwenye droo za vumbi. Ila jirani yangu aliniuliza swali ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote la mfumo mpya. Yeye akikuta faili limewekwa pasipo pake, alichomoa sikio, akaandika kikaratasi kipya, akalichomeka panapostahili, basi. Kijana wa dirishani leo akiona jina limekosewa, anaruhusiwa kuchomoa nini?

Jibu linajulikana mitaani. Mtu aliyeandikwa Kulwa kwenye cheti cha kuzaliwa na Kurwa kwenye kitambulisho anaambiwa aende kwa wakili, alipie, ale kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja, kisha arudi na karatasi hiyo asubiri. Mfumo una mamilioni ya kadi na unazipata kwa sekunde. Tuuombe sasa na kidirisha kidogo, cha kutia kikaratasi, ambacho mwenye jina na aliyeketi mbele yake wanaweza kukifikia kwa mkono.