Nyumba za Msajili

Wadau, jana nilipita Posta nikatazama yale maghorofa ya zamani ambayo wazee huyaita nyumba za Msajili. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Halafu ikaja sheria ya kodi za nyumba ya 1984: mwenye nyumba hakuweza kukutoa bila amri ya baraza, hata mkataba ukiisha. Wenye nyumba waliichukia, na sishangai. Ikafutwa 2005.

Sasa kinachokulinda zaidi ni mkataba. Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu kanipa notisi kwa mdomo. Nimeusoma wangu: ukurasa mmoja, notisi haijatajwa.