Rono, gongo na barabara ya Amani

Wadau, wikiendi iliyopita nilikuwa nyumbani Muheza. Asubuhi, hata machungwa hayajapangwa barabarani, nikakutana na jirani yetu anarudi mbio kutoka upande wa Amani, jasho linamtiririka. Huyu bwana gongo ilikuwa imemmaliza, mtaa mzima unajua. Akasimama: "Mwandishi, hivi kweli mbio zinamtoa mtu kwenye pombe?"

Nikamsimulia habari za Henry Rono.

Rono alikuwa Mkenya, Mnandi, aliyezaliwa 1952, akaenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, kati ya Aprili 8 na Juni 27, yaani siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 (13:08.4), kuruka viunzi na maji mita 3,000 (8:05.4), mita 10,000 (27:22.4) na mita 3,000 (7:32.1). Siku 81! Wengine hapo hata mkopo wa bodi haujatoka.

Lakini Olimpiki hakukimbia hata moja. 1976 Afrika ilisusia Montreal kwa ajili ya New Zealand kucheza raga na makaburu, na sisi Tanzania tulikuwa mstari wa mbele. Sijutii, ila bei yake waliilipa akina Rono na Filbert Bayi wetu. 1980 Kenya ikasusia Moscow pamoja na Marekani, sisi tukaenda. Bayi akarudi na fedha ya viunzi na maji, mbio ambazo rekodi ya dunia ilikuwa ya nani? Ya Rono, aliyebaki bila mashindano.

Sasa hapa ndipo penye jibu la jirani. Mbio hazikumkinga Rono. Mwaka 1981 pombe ilikwisha kumshika, mwili mzito, na bado Septemba, kule Knarvik, Norway, akashusha rekodi yake ya mita 5,000 hadi 13:06.20. Watu walipiga makofi, nani angemwambia anaumwa? Baada ya hapo akaporomoka. Mvunja rekodi za dunia akalala kwenye makazi ya wasio na nyumba Marekani, akapaki magari ya watu, akabeba mizigo uwanja wa ndege.

Alipoiacha pombe ndipo akazirudia mbio, safari hii bila wa kumshangilia. Akawa mwalimu na kocha Albuquerque, akaandika kitabu cha maisha yake, akarudi Kenya 2019. Alifariki Nairobi Februari 2024, akiwa na miaka 72.

Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Rekodi hakuuliza hata moja. "Alipoanza tena alikuwa na miaka mingapi?"

"Alishapita hamsini, kaka."

Yeye ana 34. Akainama, akakaza kamba za raba, akashuka kuelekea stesheni.