Jiwe la Chokaa Lililomtunza Mtoto wa Taung

Machimbo ya Buxton, karibu na Taung ukingoni mwa Kalahari, Afrika Kusini, yalikuwa ya chokaa. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilihitaji chokaa katika kazi yake ya kutoa dhahabu, na wajenzi nao waliitaka. Wachimbaji walitoboa jabali, wakatia baruti, wakalipua, kisha mawe yakapelekwa tanurini. Mara kwa mara katikati ya mawe hayo yalitokea mafuvu ya nyani yaliyokwisha kugeuka jiwe. Mwishoni mwa mwaka 1924, shehena ya mabaki ya namna hiyo ilimfikia Raymond Dart, profesa wa anatomia mwenye umri wa miaka 31 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Humo Dart aliona kitu ambacho hakikuwa cha nyani. Mchanga na chokaa vilikuwa vimejaa ndani ya fuvu na kuganda, vikachukua umbo la ubongo, hata mikunjo yake ikabaki imechorwa juu ya jiwe. Upande mmoja wa umbo hilo fuwele za kalsiti zinameta mpaka leo. Uso ulikuwa umefichwa ndani ya kipande kingine, na Dart akauchokoa taratibu, sindano za kufumia za mkewe zikiwa miongoni mwa zana zake. Tarehe 23 Desemba uso ukajitokeza: mtoto mwenye meno ya utoto, magego yake ya kwanza ya kudumu yakiwa ndiyo kwanza yameota. Tarehe 7 Februari 1925 jarida la Nature lilichapisha taarifa yake, na kiumbe huyo akapewa jina la Australopithecus africanus. Dart alimweka karibu na ukoo wa binadamu, na wakubwa wa sayansi Uingereza walimkatalia kwa miaka mingi. Arthur Keith, mmoja wa wapinzani wake wakuu, alikuja kukiri mwaka 1947 kwamba Dart ndiye aliyekuwa sahihi.

Sifa zote zimekwenda kwa fuvu, na fuvu linastahili. Lakini jiwe lililolihifadhi nalo lina habari zake, na ndizo ninazotaka zijulikane.

Jiwe hilo huitwa tufa, na mjenzi wake ni maji. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye udongo na kuchukua kaboni dayoksaidi inayotokana na mizizi na majani yanayooza. Maji hayo huwa na ukali kidogo wa asidi, unaotosha kuyeyusha mwamba wa chokaa au dolomiti yanamopita. Yanapobubujika nje kwenye chemchemi, gesi ile hutoroka hewani na maji hushindwa kuendelea kubeba chokaa yote. Inayobaki huganda. Mwenye kuchemsha maji ya kisima cha chumvi anaujua ule utando mweupe mgumu unaoshika ndani ya birika. Chemchemi hufanya vivyo hivyo bila moto. Panapo maporomoko huganda zaidi, kwa sababu maji yanayorushwa hupoteza gesi upesi. Kuvumwani, mwani na bakteria husaidia, nao huzikwa humo humo. Ndiyo maana ukivunja tufa unakuta matundu ya mashina yaliyooza na alama za majani, mishipa yake yote ikionekana. Maji yakiwa ya moto kutoka chini ardhini, jiwe hutoka gumu na zito zaidi, nalo huitwa travatini.

Jiwe la namna hii haliwezi kujengeka pasipo maji. Kwa hiyo kila tabaka ni ushahidi kwamba wakati fulani mahali pale palikuwa na maji, hata kama leo ni pakavu. Mwaka 1954 Frank Peabody alieleza matabaka manne makubwa ya tufa pale Taung, la zamani kabisa akiliita Thabaseek, na humo ndimo mlimokuwa na fuvu. Tufa changa huweza hata kupimwa umri: urani huyeyuka majini na kuingia kwenye jiwe, thoriamu haiyeyuki. Thoriamu inayokutwa ndani baadaye imezaliwa na urani, na wingi wake huhesabu miaka, hadi kufikia takriban 500,000.

Uchungu wa Taung ni huu: baruti iliyotuletea mtoto ndiyo iliyopafuta mahali pake. Sehemu hasa alipotoka ilikwisha kulipuliwa kabla mwanajiolojia hajaisoma, na wataalamu wamebishana juu ya umri wake tangu hapo. Wanakubaliana tu kwamba unazidi miaka milioni mbili.

Olduvai, hapa Tanzania, ilipata bahati nzuri zaidi. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe mwingine wa kale wa ukoo huo, tarehe 17 Julai 1959, na kwa muda mrefu watu walijiuliza kwa nini viumbe wale walikusanyika hapo, wakati ziwa la karibu lilikuwa la chumvi na magadi. Kwa kuwa eneo lilibaki, mwaka 2010 Gail Ashley na wenzake waliweza kuonyesha tufa iliyo umbali wa mita 200 hivi kutoka hapo. Palikuwa na chemchemi ya maji baridi, na miti pembeni yake. Zaidi ya miaka milioni 1.8 iliyopita, jirani na pale walipoacha mifupa na zana zao, palikuwa na maji ya kunywa.

Nasi tuna mawe haya yanayochimbwa hata sasa. Magharibi ya jiji la Mbeya, katika bonde la Songwe, chemchemi za moto zimejenga travatini ambayo watu huitumia kwa ujenzi. Sisemi machimbo yafungwe; watu wanahitaji nyumba na kazi. Ninachoomba ni kwamba mchimbaji akiona mfupa au alama ya jani ndani ya jiwe, asilihamishe. Apige picha, aweke alama pale pale, kisha awape taarifa watu wa Mambo ya Kale. Na wenye machimbo waache ukuta mmoja wa jabali bila kuulipua, kwa ajili ya watakaokuja kuusoma.