SKANKA IMETOKA WAPI? Safari ya bangi kutoka shambani hadi chumbani (Sehemu ya 4)

Sehemu iliyopita tulimaliza habari za gongo. Leo tunajibu swali ambalo wengi mmeniuliza: "Nesi, hii skanka tunayoisikia kwenye taarifa ya habari ni kitu gani? Si ni bangi tu ileile?"

Jibu fupi: ni bangi, lakini siyo ileile. Jibu refu ndilo somo la leo, na ni refu kweli, kwa hiyo laza mtoto kwanza halafu uje.

Naliandika kwa sababu moja. Kila tukitoa elimu ya afya, hakosekani mtu wa kusema: "Mbona babu alivuta bangi miaka yote na bado alikuwa analima?" Mimi sibishani na mtu kuhusu babu yake. Ninachotaka uone ni kwamba alichovuta babu na anacholetewa kijana wako leo ni vitu viwili vyenye jina moja.

1. MMEA WA SHAMBANI

Asili ya bangi ni Asia. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vyake walitoa matokeo mwaka 2021, wakaonyesha kwamba watu wa Asia Mashariki walianza kuipanda miaka kama 12,000 iliyopita. Kulewa ni sehemu tu ya historia yake. Nyuzi zake zilitoa kamba na nguo, kama sisi tunavyotumia mkonge, na mbegu zake zililiwa. Kwetu iliingia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na jina likaja nayo: Wahindi wanasema bhang, sisi tukasema bangi.

Kwa karne zote hizo ilikuwa inakua nje. Jua la Mungu, mvua ya Mungu, udongo wowote. Mmea huu una dume na jike, na shambani walikua pamoja. Upepo unapeperusha chavua, jike linajaa mbegu. Shika hapo penye mbegu, tutaparudia.

Kinacholewesha ndani ya bangi kinaitwa THC. Kilitambuliwa mwaka 1964 huko Israeli na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. Kinakaa kwa wingi kwenye utomvu unaonata wa maua ya mmea jike. Jike likishapata chavua, nguvu zake zinakwenda kutengeneza mbegu. Likikosa dume, linaendelea kutoa maua na utomvu. Yaani bangi ya babu, iliyojaa mbegu, ilikuwa imeshapunguzwa nguvu na mmea wenyewe.

Sasa, ili bangi ihamie ndani ya nyumba, vitu viwili vilitakiwa: kuudanganya mmea kuhusu majira, na kuuweka hai kwenye chungu. Vyote viwili viligunduliwa na watu wema kabisa, wasiokuwa na habari na ulevi.

2. MFARANSA NA MICHE YAKE

Mwaka 1912 hivi, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyeitwa Julien Tournois alikuwa akiotesha mimea miwili ndani ya kitalu nyumba cha vioo wakati wa baridi: mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi, na mwingine wa jamii ya ule unaotia uchungu kwenye bia. Wakati wa baridi kule Ulaya mchana ni mfupi sana. Mtu angetegemea miche ikue kwanza, irefuke, halafu ndiyo itoe maua. Kumbe miche ikatoa maua ingali midogo!

Akachunguza sababu. Siyo joto, siyo chakula. Mwaka 1914 akaandika kwamba jibu ni urefu wa mchana na usiku. Baadaye akafa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, kazi yake ikakatika. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, wakalithibitisha jambo hilo kwa tumbaku na soya: mimea mingi inapima urefu wa mchana na usiku ili kujua lini itoe maua.

Sisi wa karibu na ikweta hatulioni sana hili, maana usiku na mchana wetu karibu unalingana mwaka mzima. Lakini fikiria maana yake. Anayeshika swichi ya taa ndiye anayeshika majira. Wakulima wa maua walilichangamkia, na mpaka leo kuna maua yanayofikishwa sokoni kwa wakati kwa kuwasha na kuzima taa.

3. UDONGO WA KWENYE CHUNGU

Mama yeyote aliyewahi kuotesha nyanya kwenye kopo anaijua hii: miche inatoka vizuri, unafurahi, siku ya nne unaamka unaikuta imelala kama imekatwa shingo. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu ulioko kwenye udongo. Halafu udongo wa bustani ukiwekwa kwenye chungu unashikamana, maji hayapiti, mizizi inakosa hewa.

Tatizo hilohilo liliwatesa watafiti wa taasisi ya John Innes huko Uingereza kwenye miaka ya 1930. Miche yao ya utafiti ilikuwa inakufa ovyo. Zamani hizo kila mtunza bustani alikuwa na mchanganyiko wake wa siri, kama vile kila bibi alivyo na pilau yake. Wawili wao, William Lawrence na John Newell, wakaamua kujaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine. Wakagundua mambo mawili makubwa: udongo ufukizwe kwa mvuke ili vimelea vife, na vipimo viwe vilevile kila siku. Kwa kuotesha mbegu walifikia sehemu 2 za udongo tifutifu, 1 ya mboji ya vinamasi na 1 ya mchanga, pamoja na mbolea na chokaa kidogo. Hawakuuficha ujuzi huo. Walitangaza vipimo, kila mtu akachanganya.

Wamarekani wakaenda mbele zaidi. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha California kilitoa kitabu cha mwongozo kilichohaririwa na Kenneth Baker kuhusu kukuza mimea yenye afya kwenye vyombo. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Cornell kikaondoa udongo kabisa: mboji ya vinamasi ikachanganywa na vemikulaiti au pelaiti, ambayo ni madini na mawe yanayochomwa mpaka yanavimba kama bisi. Mfuko mwepesi, safi, unaofanana popote unaponunua, na mtu anaweza kuubeba mpaka ghorofa ya tano.

Hii ni elimu nzuri, jamani. Ndiyo iliyosaidia vitalu vya miche duniani kote, na anayepanda sukuma wiki kwenye gunia kibarazani anatumia wazo hilohilo: udongo mwepesi, unaopitisha maji, usio na magonjwa. Lakini ujuzi haumchagui mtumiaji.

4. HELIKOPTA NA CHUMBA CHA KULALA

Bangi ilikuwa imeshapigwa marufuku zamani. Mkutano wa Geneva wa 1925 uliiingiza kwenye mkataba wa kimataifa baada ya Misri kushinikiza, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukakaza zaidi. Wavutaji wa Marekani wakawa wanategemea bangi ya magendo kutoka Meksiko. Miaka ya 1970 serikali ya Meksiko, kwa msaada wa Marekani, ilianza kumwagia mashamba sumu ya magugu iitwayo parakwati. Mwaka 1978 hofu ikatanda kwamba watu wanavuta sumu. Wengi wakasema, basi tupande wenyewe.

Huko kaskazini mwa California, kwenye milima ya Humboldt na Mendocino, wakulima walikuwa wanang'oa madume yote. Majike yakabaki bila chavua, yakatoa maua yaliyojaa utomvu. Wakaiita sinsemilla, Kihispania cha "bila mbegu". Si unakumbuka nilikwambia ushike penye mbegu? Ndiyo hapa.

Huko California pia watu walichanganya mbegu za Afghanistan, Meksiko na Kolombia wakapata aina moja kali, fupi, inayowahi kukomaa. Harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba waliipa jina la skunk, yule mnyama wa Marekani anayenuka akikasirishwa, ndugu wa tabia na kicheche wetu. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la skanka.

Mwaka 1983 California ikaanzisha operesheni ya helikopta, CAMP, kusaka mashamba milimani. Mkulima akiona helikopta afanye nini? Akaingia ndani. Kwenye ghala, chini ya nyumba, chumba cha kulala. Na ndani akakuta kila kitu kipo tayari: taa zenye nguvu za jamii ya zile za manjano za barabarani, ujuzi wa kupanga usiku na mchana, na udongo wa mfuko usiohitaji shamba. Helikopta haioni chumbani. Mwaka 1989 serikali kuu ikayavamia mpaka maduka yaliyouza taa na vifaa vya kilimo cha ndani, lakini ujuzi ulikuwa umeshasambaa.

Mbegu za skunk zilivushwa mpaka Uholanzi, ambako tangu 1976 kiasi kidogo cha kuvuta mwenyewe kilikuwa kinafumbiwa macho. Kule jua ni la kubahatisha, kwa hiyo kilimo cha ndani kikapamba moto. Jina likazagaa Ulaya, na huku kwetu likafika kama skanka.

Siyo kila kinachoitwa skanka kimeoteshwa chini ya taa. Leo ni jina la bangi kali tu. Ila ukali huo ulipikwa kwa miaka ndani ya vyumba vile, mche kwa mche, kwa kuchagua wenye nguvu zaidi na kutupa mwingine. Na sehemu ya waliousukuma mmea huko ndani ni wale waliotaka kuumaliza.

5. TOFAUTI KWA NAMBA

Marekani, sampuli za bangi iliyokamatwa hupimwa Chuo Kikuu cha Mississippi. Mwaka 1995 wastani wa THC ulikuwa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 ulikuwa karibu asilimia 12. Mara tatu, ndani ya miaka 19! Ni kama umezoea bilauri ya bia, halafu mtu akujazie bilauri ileile gongo, akwambie pombe ni pombe.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa miji ya Ulaya na Brazili. Waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuchanganyikiwa, ukilinganisha na wasiowahi kuvuta. Na ubongo wa kijana unaendelea kujengeka mpaka kwenye miaka 25.

6. KWA HIYO, MAMA, UFANYE NINI?

Kwanza, biskuti na keki. Bangi ya kuliwa haina moshi wala harufu ya kukushtua, na mtoto wa miaka mitatu haulizi. Inachelewa kufanya kazi, hata saa moja au mbili, kisha inakaa muda mrefu. Ukiona mtoto ghafla ana usingizi usio wa kawaida, haamki vizuri, anayumba, analegea, moyo unakwenda mbio au anapumua kwa shida, kimbia hospitali. Wengine hupata degedege. Usimtapishe. Usimpe maziwa "kuua sumu". Beba kilichobaki, hata karatasi yake.

Na useme ukweli. Mtoto akifika hajitambui, tunaanza kutafuta malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kuanguka. Ukisema mapema "kuna biskuti za mjomba wake," umetuokolea muda na umemwokoa mtoto na sindano zisizo za lazima. Aibu itapita.

Pili, ujauzito na kunyonyesha. THC inavuka kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni, na inaingia kwenye maziwa ya mama. Matumizi wakati wa ujauzito yanahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Anayekwambia inaondoa kichefuchefu, mwambie utamuuliza nesi wa kliniki.

Tatu, "bangi ni dawa". Ni kweli kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana na mmea huu kwa aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Lakini ile ni CBD iliyosafishwa na kupimwa kwa mililita, siyo THC inayolewesha. Usimchemshie mtoto wa degedege majani. Unampa kitu usichojua kipimo chake.

Nne, sheria. Tanzania tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Kenya wana yao ya 1994. Kulima, hata mche mmoja kwenye ndoo nyuma ya nyumba, ni kosa zito. Ukiona kijana ameanza kufungia chumba, taa haizimwi, na mifuko ya udongo inaingia ndani wakati hajawahi kumwagilia hata mchicha wako, kaa naye uzungumze kabla hajaja mtu wa kumpiga pingu.

Na ukizungumza naye, usianze na vitisho. Vijana wanajua babu alivuta na hakufa. Mwambie hii historia: ya mbegu zilizoondolewa, ya taa na ya mifuko ya udongo. Mwambie babu hakuwahi kuionja hii.

Sehemu ya 5 tutaingia kwenye historia ya dawa za usingizi na za maumivu zilizoko kwenye kabati zetu. Mtumie na mwenzio mwenye kijana wa sekondari. Mlale salama.