Jogoo au Mtetea? Habari za Watu Waliotafuta Kumjua Kifaranga

Mama anayenunua vifaranga sokoni huuliza kwanza neno moja: mitetea ni wangapi? Neno hilo si dogo. Mtetea hutaga na kulea. Majogoo wengi katika ua mmoja hula mahindi, hupigana, wala hawaleti yai hata moja. Lakini kifaranga wa siku moja ni donge la manyoya tu, na muuzaji hujibu apendavyo.

Watu wa kale waliuliza vilevile. Aristoteli, mwenye hekima wa Wagiriki aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya Kristu, aliandika kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike, na yai la mviringo hutoa dume. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo siku za Mitume, alifundisha kinyume chake: ukitaka majogoo chagua mayai marefu yenye ncha, ukitaka mitetea chagua ya mviringo. Mabwana wawili wakubwa, na maneno yao hayapatani! Hata leo wako wanaotazama ncha ya yai, na wengine huning'iniza sindano juu yake kwa uzi. Kwa nini imani hizi hazifi? Kwa sababu kati ya vifaranga kumi, karibu watano ni majogoo. Hata mtu anayekisia amefumba macho atapata karibu nusu. Mara alizopata huzisimulia kwa jirani. Mara alizokosa huzisahau.

Aliyefungua mlango hakuwa mfugaji wa kuku. Alikuwa padri Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino katika monasteri ya Mtakatifu Toma mjini Brno, katika nchi inayoitwa leo Cheki. Alipanda njegere bustanini, akahesabu maelfu ya mimea mwaka hata mwaka: rangi ya mbegu, urefu wa shina, umbo la ganda. Mwaka wa 1865 aliwasomea wataalamu wa mji wake kanuni alizoziona, jinsi watoto wanavyorithi alama za wazazi. Karibu hakuna aliyezijali. Alikufa mwaka wa 1884, akiwa abati, na mwaka wa 1900 tu ndipo wenye elimu walipotambua alichokuwa amekipata. Miaka miwili baadaye Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kanuni zilezile zinatawala hata kilemba cha kuku.

Mwenzake Bateson huko Cambridge, Reginald Punnett, aliona faida yake wakati wa vita kuu ya 1914-1918. Chakula kilikuwa haba Uingereza, na nafaka iliyolisha majogoo yasiyotakiwa ilikuwa hasara. Punnett alishauri watu watumie rangi. Ziko alama ambazo mtetea huwarithisha watoto wake wa kiume tu, binti zake hawazipati. Basi ukimpa mtetea mweupe wa kabila la Light Sussex jogoo mwekundu wa Rhode Island Red, vifaranga vya kike hutoka na rangi ya kahawia, vya kiume hutoka na njano iliyofifia. Mtoto mdogo anaweza kuvitenga. Ila jambo hili hufaa kwa uzao huo mmoja tu. Ukiwazalisha watoto wao wenyewe kwa wenyewe, alama inavurugika. Kwa hiyo Punnett na Michael Pease wakatengeneza, karibu mwaka wa 1930, kabila jipya liitwalo Cambar, ambalo madume na majike yake hutofautiana rangi kila uzao.

Wajapani walishika njia nyingine. Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walichunguza tundu la nyuma la kifaranga, wakaona kijinundu kidogo kama kichwa cha pini, ambacho kwa dume huonekana wazi zaidi. Mwaka wa 1927 habari hiyo ilifika kwenye mkutano wa wafugaji wa dunia huko Ottawa, na mwaka wa 1933 kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza mjini Vancouver. Kazi hiyo inataka vidole vyepesi na mafunzo ya miezi mingi. Fundi hodari hutenga vifaranga elfu moja kwa saa, na katika mia hukosa wawili hivi.

Lakini ujuzi huo ulileta pia jambo chungu. Katika viwanda vya mayai, madume hayatagi wala hayanenepi upesi, basi huuawa siku ileile ya kuanguliwa, mabilioni kila mwaka duniani. Sisemi kumchinja kuku ni dhambi, sote tunamla. Ila kiumbe kutupwa siku aliyozaliwa, kwa kuwa tu hana faida, kunakera hata moyo wa mtu asiyesali. Udachi ilikataza desturi hiyo tangu tarehe 1 Januari 2022, na Ufaransa ikafuata mwaka wa 2023. Siku hizi ziko mashine zinazotambua dume angali ndani ya yai.

Na kuku wetu wa kijijini? Damu yao imechanganyika, hivyo rangi ya kifaranga haisemi kitu, na kumbinya tumbo bila mafunzo ni kumuua. Ngojeni majuma sita au nane. Kilemba cha jogoo huwa kikubwa na chekundu mapema kuliko cha dada zake. Baadaye manyoya ya shingo na ya kiunoni huchongoka, wakati ya mtetea hubaki na ncha za mviringo. Anayenunua mitetea na anunue wa umri huo, hata kama bei imepanda kidogo.